Nyumba za kuunganisha hapa Tanga (paneli, makontena, zege la kumwaga chini): yaliyonikuta na ninachowaambia wenye viwanja karibu na bahari

Bolti_na_Nati — Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni, wazee wangu shikamooni.

Kila wiki napigiwa simu, mara shemeji, mara jirani, mara rafiki wa rafiki, "kaka nimeona video nyumba inasimama siku tatu, zinapangwa kama kabati, na mimi nataka ya hivyo kwenye kiwanja changu Mwambani". Nimeeleza mpaka sauti imekauka, kwa hiyo naandika hapa mara moja, atakayenipigia tena namwambia kasome uzi kwanza afu tuongee.

Kazi yangu ni kuunganisha. Miaka sita nimefunga nyumba za paneli kwenye makambi ya miradi, barabara, migodi, sasa nimerudi nyumbani Tanga nafanya saiti zangu ndogondogo. Sio injinia, mimi ni fundi, lakini hizo paneli nimezibeba kwa mabega haya haya.

Kwanza tuelewane majina maana watu wanachanganya. Kuna paneli, yani bati mbili nyembamba katikati povu gumu, lile povu jeupe linalokuja limezunguka friji mpya, au badala ya povu wanaweka pamba ya mawe. Kuna kontena la meli lililokatwa madirisha. Kuna chumba kizima kinachotoka kiwandani kimekamilika, soketi, vigae, choo na kila kitu, kreni inakishusha tu, hiyo ndio modula yenyewe na huku kwetu ni nadra. Na kuna zege linalomwagwa chini kwenye fomu, yani kalibu, likikomaa ndio linanyanyuliwa linawekwa mahali pake, lenta zile boriti za juu ya mlango na dirisha, nguzo za fensi, pete za kisima, boriti za slabu. Yote hayo mtaani utasikia yanaitwa prifabu, halafu mtu anasikia sifa za moja anaenda kununua jingine.

Sasa neno lenyewe nililolijia. Kote nilikofunga, nyumba iliyoharibika haikuanza kuharibika kwenye paneli. Ilianzia kwenye msingi au kwenye kiungio. Kila mara. Mtu anakagua unene wa paneli, anakagua rangi, anabishana bei wiki nzima, halafu msingi anamwachia kijana yeyote na skrubu ananunua zile za bei chee dukani. Hapo ndipo nyumba inapofia.

Na hili sikusimuliwa, lilinikuta kwa mama yangu mzazi.

Nilinunua paneli za mtumba kambi moja ilipovunjwa, milimita 50, povu, hali nzuri tu. Nikataka nimjengee mama kule Sahare, vyumba viwili na sebule, mita 8 kwa 5. Mimi nilikuwa bado safarini, jamvi, yani sakafu ya zege ya msingi, likamwagwa bila mimi kuwepo, nikatumiwa picha nikaona limenyooka nikasema sawa. Picha haipimi kitu wakuu. Niliporudi nilikuwa na siku 9 tu za likizo, nikapima haraka haraka kona kwa kona, ulalo mmoja mita 9.45 mwingine 9.41, wakati zilitakiwa zilingane. Sentimita nne. Na kona ya upande wa bahari ilikuwa chini sentimita mbili kuliko wenzake. Ukuta wa tofali hayo unayameza, fundi anaongeza mota huku anapunguza kule, plasta inafunika. Paneli haimezi. Paneli imetoka kiwandani imenyooka, inataka ikute kilichonyooka. Mimi nikajipa moyo, nikalazimisha, nikaingiza vipande vya bati chini ya reli, kile chuma cha chini paneli inaposimamia, ili isimame wima, nikafunga, siku ya nane nyumba imesimama mama anapiga vigelegele.

Masika ya kwanza mlango wa chumba cha nyuma ukagoma kufunga. Kona ile ya chini maji yakawa yanasimama juu ya ukingo wa jamvi na kuingia chini ya reli. Ikaja kaskazi, upepo ule mkavu wenye chumvi, skrubu zikaanza kutoa michirizi ya kahawia ukutani kama mtu analia. Mwaka wa pili nikafungua kiungio kimoja kwa bisibisi, nikapitisha kidole ndani ya ukingo wa bati, kikatoka na unga mwekundu kama hina. Na mama akanionyesha sakafuni pembezoni vipunje vyeupe kama chenga za mchele, anafagia asubuhi jioni vimerudi. Sisimizi. Walikuwa wanachimba povu, wamejenga mji mle ndani.

Niliumia sana. Miaka sita nawafungia watu baki nyumba zinakaa, ya mama yangu nimeiharakisha.

Nimeirudia baadae, nitaeleza nilivyofanya. Ngoja nile kwanza nirudi, ila mwenye swali aanze kuweka.

MamaNasra_Donge — Jumapili, saa 3:05 usiku

Asante kwa kusema ukweli kaka. Mimi nina kiwanja Mwahako, nataka vyumba vinne vya kupangisha, kuna kijana ananishawishi makontena mawili ya futi 40 nikate kati. Anasema kontena ni chuma cha baharini halishiki kutu. Ni kweli?

Mzigua_Handeni — Jumapili, saa 3:11 usiku

Joto mkuu, usisahau joto. Niliwahi kulala kwenye kabini ya paneli kambini, umeme ukikatika saa saba mchana ule ni moto wa tanuri. Wanaouza wanasema povu linazuia joto.

Bolti_na_Nati — Jumapili, saa 3:52 usiku

Nimerudi.

Mama Nasra, huyo kijana kasema nusu. Chuma cha kontena kinaitwa Corten, kimechanganywa shaba na kromu kidogo, kikipata kutu ile ya juu inakuwa kama ngozi inazuia kutu isiende ndani. Lakini ngozi hiyo inataka ipate kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ikikaa kwenye chumvi muda wote haitulii, inabanduka, chini kutu inaendelea. Baharini makontena yanadumu sababu yamepakwa rangi nzuri na yanakaguliwa. Wewe ukikata dirisha kwa grinda umeshachoma rangi pale, na zile cheche zinaruka zinanasa kwenye rangi nzima pembeni, baada ya mwezi unaona madoa ya kutu kila cheche ilipotua.

La pili, upana. Ndani ya kontena ni mita 2.35 tu. Weka kitanda cha sita kwa sita, kimekula mita 1.83, umebaki na nusu mita ya kupita, na hapo hujaweka silingi wala bodi za ukutani ambazo zinakula tena. Mpangaji wako na mkewe watakuwa wanapishana kwa zamu. Ukitaka chumba cha kibinadamu inabidi uweke mawili ubavu kwa ubavu utoe ukuta wa kati, na hapo ndio kwenye hatari, kontena linabeba mzigo kwenye nguzo zake nne za kona, zile kuta za bati lililokunjwa ndio zinalizuia lisipinde. Ukitoa ukuta bila kuchomelea fremu ya chuma kuzunguka tundu, paa linaanza kulala. Nimeona la fremu za biashara limelala katikati kama machela.

La tatu, sakafu. Ile plaiwudi ya kontena, milimita 28, hutiwa dawa ya wadudu kwa ajili ya safari za meli. Usimlaze mtoto juu yake. Itoe, au uifunike vizuri kabisa.

Sisemi kontena halifai. Kwa duka, stoo, ofisi ya saiti, linafaa sana, linafungika, mwizi hapiti, unaweza kuhama nalo. Kwa vyumba vinne vya kupangisha Mwahako, mimi kama ni dada yangu ningekukataza.

Mzigua, joto. Povu linazuia joto lisiingie kweli, lakini likishaingia kupitia dirisha, bati la juu, watu na jiko, linalizuia lisitoke. Zile kabini zimetengenezwa mtu awashe AC ajifungie. Ukizima AC ndio unayoyasema. Dawa yake kwetu ni paa la pili, bati jingine juu limepishana na la chini kwa nafasi ya kupita upepo, madirisha yanayotazamana, na kivuli pembeni. Chuma kisipigwe na jua moja kwa moja hapo umeshinda nusu ya vita.

Mzee_wa_Pangani — Jumatatu, saa 11:40 alfajiri

Wanangu, nimeusoma uzi wenu baada ya swala. Nataka kuongeza kitu kimoja maana mnaongea kama mambo haya yameletwa na meli ya juzi.

Sisi watu wa pwani tumejenga kwa vipande vilivyotengenezwa mbali miaka na miaka. Miti ya mikoko ilikatwa Rufiji, imepangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, inauzwa kwa korija, korija moja miti 20, inapakiwa jahazi inaenda Bagamoyo, Pangani, Tanga, mpaka Arabuni. Mjenzi alikuwa anajua boriti itakuja na urefu gani kabla haijafika. Ndio maana ukiingia nyumba za mawe za kale, hata magofu, vyumba ni virefu ila vyembamba, upana wake kwenye mita mbili na nusu mpaka tatu kasoro. Boriti ndio iliamua upana wa chumba, kama hilo kontena lenu linavyoamua leo. Na milango ile ya nakshi, seremala aliichonga karakanani na fremu yake, vipande vyote, ndio ikaja kusimamishwa. Makuti nayo, mama anakaa chini ya mwembe anasuka kuti kwenye ufito, yanauzwa kwa kipande, fundi wa paa anakuja kufunga tu.

Tofauti ni kwamba wazee wale walijua jambo moja. Boriti ikioza inatolewa moja inaingizwa nyingine, nyumba haivunjwi. Kuti likichakaa unachomoa hilo hilo. Muulizeni huyo anayewauzia paneli, ya katikati ikiharibika naitoaje?

Bolti_na_Nati — Jumatatu, saa 12:48 asubuhi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma ulichoandika mara tatu. Hilo swali lako la mwisho ni swali ambalo mteja hata mmoja hajawahi kuniuliza, na ndilo la kwanza angetakiwa kuuliza. Paneli nyingi zinaingiana ulimi na mfereji, ukitaka kutoa ya katikati inabidi uanze kufungua kutoka kona.

Msomi_Mikanjuni — Jumatatu, saa 4:15 asubuhi

Mzee umegusa penyewe. Kule Tokyo kulikuwa na jengo la vyumba vya kapsuli, Nakagin, lilikamilika 1972, kapsuli 140 zimefungwa kwa bolti kwenye minara miwili ya zege. Mpango ulikuwa kila baada ya miaka 25 kapsuli zitolewe ziwekwe mpya. Hawakubadilisha hata moja. Ya chini huwezi kuichomoa bila kugusa za juu yake, na gharama wenye vyumba hawakukubaliana. Zikavuja, zikachakaa, 2022 likabomolewa lote.

Na kuhusu viungio alivyosema mleta uzi, mfano wenyewe ni Ronan Point, London. Jengo la ghorofa 22 la paneli kubwa za zege, paneli zimelaliana tu zimefungwa kwenye viungio. Mei 16, 1968, miezi miwili tu watu wameingia, mama mmoja ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti asubuhi achemshe chai, gesi ilikuwa inavuja, ikalipuka. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa wa kutisha, yeye mwenyewe alipona. Lakini ulisukuma paneli za ukuta zikatoka, za juu zikakosa cha kukalia zikaanguka, zikabeba za chini, kona nzima ya jengo ikashuka mpaka chini. Watu wanne walikufa. Miaka ya 80 walipokuwa wanalibomoa kipande kwa kipande wakafungua viungio vilivyotakiwa kujazwa mota, ndani wakakuta magazeti. Waliojenga walikuwa wameshindilia magazeti wakafunika.

Nawafundisha vijana hili kila mwaka na kila mwaka linanisisimua. Kiungio hakionekani kikishafunikwa, kwa hiyo kinategemea uaminifu wa mtu mmoja siku moja.

MamaNasra_Donge — Jumatatu, saa 4:31 asubuhi

Magazeti! Mungu atusitiri. Sasa kaka, kontena umenikataza, paneli kwa mama ilikutesa. Mimi nijengeje basi, maana tofali na mafundi wa kawaida ni miezi na miezi, hela inaishia saruji inagandia stoo.

Bolti_na_Nati — Jumatatu, saa 2:10 usiku

Mama Nasra hapa ndio nilipokuwa nataka tufike.

Kwa mtu wa kawaida anayejenga Tanga, prifabu yenye faida ni hii ya kumwaga chini kwenye kiwanja chako mwenyewe. Nasema hivi sababu sementi inatoka hapa hapa Pongwe, kokoto ipo, mafundi wapo, na zege halina ugomvi na sisimizi. Unachohitaji ni fomu chache nzuri za mbao au chuma na kivuli.

Chukua lenta. Mafundi wetu wanapiga fomu juu ya ukuta, mbao, mirunda, misumari, wanamwaga, wanasubiri, wanabomoa, mbao nusu imevunjika. Wakati ungeweza kumwaga lenta zote za nyumba chini siku moja kabla hata msingi haujaisha. Lenta ya mita 1.5, upana sentimita 15, kimo sentimita 20, inakuja kama kilo 108. Watu wanne wanainyanyua, hakuna kreni. Ila kuna kosa moja linaloua, nondo kubwa ziko chini, ukiiweka kichwa chini miguu juu inapasuka siku hiyo hiyo au mwaka kesho. Kwa hiyo ikiwa bado mbichi andika kwa msumari JUU, tena kwa herufi kubwa, na ikikauka paka rangi. Mimi nakagua kila moja kabla haijapanda, fundi aseme atakavyo.

Mwagilia siku 7 bila kuruka, usinyanyue kabla ya wiki mbili. Na mchanga wa ufukweni USIUGUSE. Najua upo karibu na ni wa bure. Chumvi yake inakula nondo kutoka ndani, zege linavimba linapasuka kwa mistari. Ukiwa karibu na bahari kama Raskazoni au Sahare acha zege lifunike nondo sentimita 4 mpaka 5, sio zile mbili na nusu za kawaida.

Slabu kama unataka ghorofa, kuna ile ya boriti na tofali, boriti za zege zinamwagwa chini, zinapangwa kwa nafasi sawa, katikati zinalazwa tofali zenye matundu, juu unamwaga zege la sentimita 5 hivi na wavu. Plaiwudi huhitaji, mirunda michache tu. Hii lakini tafuta injinia akupe nondo, usiige kwa jirani.

Kuta, kuna tofali za kufungamana ambazo wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora, NHBRA, wamezifundisha miaka mingi. Udongo na saruji kidogo, mashine ya mkono, sentimita 30 kwa 15 kwa 10, zinaingiana zenyewe bila mota katikati. Ukipiga hesabu ni tofali 33 kwa mita moja ya mraba. Kozi ya kwanza ndio inawekwa kwenye mota na ndio inabidi inyooke kama kioo, ikipinda hiyo, zote za juu zinapinda. Unaona? Tunarudi kule kule, msingi.

Haitasimama siku tatu. Vyumba vyako vinne lakini utaokoa mbao, utaokoa mota, kazi inaenda pande mbili kwa wakati mmoja, msingi huku vipande kule. Na usianze kitu bila kibali cha halmashauri, hata kwa paneli, wapo wanaodanganywa kwamba nyumba ya kufungwa kwa bolti haihitaji kibali.

Kange_Standi — Jumatatu, saa 2:44 usiku

Mkuu mimi nimechelewa kuuona huu uzi. Nimeshanunua paneli, pamba ya mawe, milimita 75, nyumba mita 9 kwa 6, Mabokweni. Lori linafika Ijumaa. Jamvi limemwagwa wiki tatu zilizopita. Naomba uniambie nifanye nini kabla ya Ijumaa, nimeweka akiba yangu yote humo.

Bolti_na_Nati — Jumatatu, saa 3:20 usiku

Kaka usiogope, pamba ya mawe umechagua vizuri, haishiki moto. Povu likipata moto linayeyuka linatoa moshi mweusi mzito, moshi ndio unaua kabla ya moto. Na sisimizi hawaipendi kama povu.

Kesho asubuhi chukua futi ndefu ya chuma, sio ya kitambaa inavutika. Pima ulalo, kona kwa kona, zote mbili. Kwa 9 kwa 6 kamili unatakiwa upate mita 10.817 kila upande. Afu chukua mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha, toa mapovu yote ya hewa, upime usawa wa jamvi, pitia kona nne na katikati ya kila upande. Niandikie namba zote hapa.

Skrubu, kama zimekuja na mzigo ziangalie, zile za njano zinazong'aa weka pembeni, tafuta za stenilesi au zilizochovywa zinki nzito, na raba yake chini ya kichwa iwe laini inayorudi ukiibonyeza. Ukikata bati tumia mkasi wa bati, sio grinda, na kila ulipokata paka rangi ya zinki siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Waya za umeme zipite kwenye bomba lake. Hili nawaambia na wa povu zaidi, ganda la waya likigusana na lile povu jeupe linakauka linakuwa gumu linapasuka, nimevuta waya ukutani ganda likabaki mle mle.

Bwagamoyo — Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Natokea Bagamoyo, nina mgahawa wa kontena njia ya Kaole mwaka wa nne huu. Nathibitisha ya paa la pili, niliweka makuti juu ya kontena kwa nafasi ya nusu mita, ndani pamekuwa pengine kabisa. Na kila kabla ya kaskazi nasugua kutu napaka rangi, sijawahi kuruka. Mkuu hukumalizia ya mama, ilikuwaje?

Bolti_na_Nati — Jumanne, saa 7:05 mchana

Ya mama. Niliifungua yote. Paneli zilizoliwa nikazitupa, zikabaki za kutosha chumba kimoja na sebule, chumba cha pili nikakijenga kwa tofali. Jamvi nikalichonga ukingo wote kwa patasi, nikalipa ngazi ya sentimita 3, ili paneli ishuke chini kidogo kupita uso wa jamvi, maji yakiteremka ukutani yadondoke nje yasipate pa kusimama. Kona ya chini nikaijaza. Viungio nikavipanga upya, lile pindo la juu lipe mgongo kusi, maana mvua ya masika inakuja na upepo wa upande huo.

Afu mama akasema, "Mwanangu nyumba nzuri, lakini haina pa kukaa." Mimi nilikuwa nafikiria skrubu, yeye anafikiria baraza. Nikaweka baraza pande mbili, nguzo za zege nilizomwaga chini, paa limetoka mita moja na nusu. Sasa ndio nikaelewa, ukuta ule wenye baraza hauguswi na mvua, viungio vyake mpaka leo vikavu. Ule wa nyuma usio na baraza ndio nalazimika kuukagua. Jioni majirani wanajaa pale na kahawa, mama hataki kusikia habari ya kuhamia kwangu.

Mzee_wa_Pangani — Jumanne, saa 7:40 mchana

Mama yako ana akili ya ujenzi kuliko sisi sote hapa. Mpe salamu zangu.

Kange_Standi — Jumatano, saa 3:15 asubuhi

Namba hizi hapa mkuu. Ulalo wa kwanza 10.80, wa pili 10.84. Levo kona tatu ziko sawa, ya nne chini milimita 7. Fundi wangu anasema ni kidogo tufunge tu.

Bolti_na_Nati — Jumatano, saa 3:22 asubuhi

USIFUNGE. Ulalo zinatofautiana sentimita nne, zile zile zangu za Sahare.

Sikiliza. Achana na ukingo wa jamvi, usiufuate. Piga chaki mistari mipya juu ya jamvi. Ukuta mmoja mrefu unabaki ulipo, wa pili usogeze kwa urefu wake sentimita mbili na nusu hivi, uelekee upande unaofupisha ulalo mrefu. Pima tena, sogeza tena, mpaka ulalo mbili zitofautiane chini ya milimita 5. Kona moja jamvi litatokeza nje, chonga. Nyingine litapungua, kwangua uso, lowesha, jaza mota kali, likae siku mbili na maji. Ile milimita 7 ijaze kwa mota chini ya reli urefu wote, usiweke vipande vya bati kama nilivyofanya mimi. Hata lori likifika shusha mzigo weka kwenye mbao, funika, usikubali mtu aanze kufunga.

Nakuja kesho jioni na mpira wangu wa maji. Nauli usiwaze.

Kange_Standi — Ijumaa, saa 12:55 jioni

Mzigo umeshushwa, umefunikwa. Mkuu alikuja jana tukapima mpaka giza likaingia kwa tochi za simu. Sasa hivi 10.815 na 10.819. Mota ya kona bado mbichi, tumeifunika gunia la maji. Tunaanza kufunga Jumatatu, fundi wangu kakubali.

MamaNasra_Donge — Ijumaa, saa 1:10 usiku

Hongera kaka. Mimi seremala kanipa fomu tatu za lenta leo. Bolti, Jumapili upo? Nataka uione ya kwanza kabla hatujamwaga, nondo zimeshafungwa.